Foronya ya Kibaraza

Nimeshona vitu vingi maishani mwangu, na karibu vyote vimekwisha kuwa matambara. Lakini kuna kimoja ambacho wajukuu hawachoki kuniomba nikisimulie, na huanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Hakikuwa kanzu wala koti. Ilikuwa foronya ya kuvalisha turubai la Mdachi.

Wakati huo Mdachi, yaani Mjerumani, ndiye aliyekuwa akitawala, na mimi nilikuwa mtu wa hema. Bwana wetu alikuwa mpimaji wa ardhi, mwembamba, mwenye masharubu yaliyopakwa mafuta, aliyepanda na kushuka milima ya Uluguru na darubini yake ya miguu mitatu kana kwamba kuna mtu kamwibia kilima na yeye anakitafuta. Wapagazi walibeba masanduku, vitanda na vyungu. Kazi yangu mimi ilikuwa kulisimamisha hema jioni, kulivunja asubuhi, na kujibu maswali lilipovuja.

Mbele ya hema palikuwa na turubai la ziada, lililosimama kwa nguzo mbili na kamba nne. Tukiliita kibaraza, kwa sababu Bwana alikaa chini yake kama watu wazima wanavyokaa barazani. Hapo alikunywa chai, alinyolewa, alichora ramani zake na kutukaripia. Hema lenyewe hakulijali sana. Kibaraza alikipenda.

Sasa, katika safari ya Kisaki tulinyeshewa mpaka tukasahau jua likoje. Asubuhi moja nilikikunja kibaraza kikiwa kimelowa, kwa kuwa msafara ulikuwa umeshaondoka na mimi sikutaka kubaki na simba. Tulipokifungua mjini Morogoro kilikuwa na madoa meusi ya ukungu, na kwenye pembe moja panya alikuwa ameshafungua nyumba na kuzaa. Mvua ya kwanza ikapita kwenye tundu la panya, ikadondokea ramani ambayo Bwana aliichora safari nzima. Nilichapwa. Sitakaa hapa kueleza kiboko cha boma. Waliokionja wanakijua, na ambao hawakukionja wamshukuru Mungu. Baadaye Bwana aliniita, akasema kwa Kiswahili chake cha kuamrisha tu, "Wewe tengeneza nguo ya kibaraza. Maji hapana. Panya hapana. Safari ya mlimani mimi nafungua, natazama."

Ungenikuta siku hiyo ungedhani nahuzunika kwa ajili ya mgongo wangu. Mgongo ulikuwa unauma, sikatai. Lakini kilichonikosesha raha kilikuwa kingine: safari hiyo ya mlimani ingepiga kambi katika kijiji kimoja cha juu, na katika kijiji hicho alikaa mama mmoja mwenye binti.

Binti na mimi tulikuwa tumekwisha elewana. Wajomba zake, ambao kwetu Uluguru ndio wenye neno, walisema hawana ubaya na mimi, mradi mama yake akubali. Mama ndiye aliyekuwa mlima wenyewe. Kila nilipopita na msafara nilimpelekea kifuko cha chumvi nilichokishona mwenyewe, naye alikipokea, akanitazama usoni bila kupepesa, akaniuliza habari za mjini kama mtu anayezungumza na mchuuzi wa samaki wakavu. Mara ya mwisho alinieleza wazi.

"Wewe unabeba nyumba ya mtu mchana kutwa," alisema. "Jioni unaisimamisha, halafu wewe unalala nje. Mwanangu utamlaza wapi?"

Ilikuwa kweli.

Lakini maneno yake hayakuniumiza kama macho yake. Kwetu, mama mkwe na mkwewe hawatazamani. Wakikutana njiani, mama huvuta nguo usoni, hugeuka, na kuingia kando mpaka mkwe apite. Akiwa na la kumwambia, humtuma mtu mwingine. Hiyo ndiyo heshima, na inaanza siku anapokukubali. Yule mama alikuwa akinikabili uso kwa uso kama jabali. Wenzangu wa makabila mengine walitamani kutazamwa vizuri na wakwe. Mimi nilitamani yule mama anikimbie. Nilitamani siku moja tu anione, ageuke, ajifiche kwenye migomba. Nilikuwa naiota.

Basi nikaanza kushona. Dukani kwa Mhindi kulikuwa na nguo za aina mbili za kufaa, kaniki na marekani. Kaniki huchuja rangi, na kibaraza cha buluu kingenirudisha bomani. Nikachukua marekani, nyeupe pe. Nikapima kibaraza kikiwa kimeviringishwa pamoja na nguzo zake mbili ndani: kilinizidi urefu kidogo, na unene wake ulikuwa wa mtu aliyeshiba. Nikakata, nikaunganisha mapande kwa shazia, ile sindano ya kushonea magunia, na uzi mwekundu, maana ndio uliokuwapo. Mshono nikaupitisha mara mbili. Nyuma ya boma kulikuwa na kivuli kizuri, nikakaa hapo siku mbili nikipiga mluzi.

Maji yalihitaji akili. Niliyeyusha nta ya nyuki kwenye sufuria bovu, nikachanganya na mafuta ya mbarika, nikaipaka nguo yote ingali moto, nikaianika. Ikatoka nzito, ikawa na rangi ya uji wa mchele. Nikamwaga kata ya maji juu yake, maji yakabingirika yakaondoka. Nilifurahi sana. Nikamwaga tena, bila sababu yoyote, ili nione tu.

Habari ya panya nilimuuliza Mhindi mwenye duka. Akaniambia panya na mende hawapatani na kafuri. Nikatia vipande vya kafuri ndani, vingi kuliko alivyonishauri, kwa sababu nilikuwa nimemwona yule panya wa Kisaki na watoto wake. Kisha nikaifunga foronya kwa vitambaa vya marekani ileile, kimoja mwisho huu, kimoja mwisho ule, kimoja katikati.

Ninyi mnaonisoma mmekwisha kuona. Mimi sikuona. Nilikuwa nimekaa nayo siku mbili, nimeujua kila mshono wake, na nilichokiona ni foronya ya turubai. Mwislamu mzima, niliyezika babu na shangazi, nimekata nguo nyeupe yenye urefu wa mtu, nimetia kafuri, nimefunga sehemu tatu, na bado napiga mluzi.

Aliyeona alikuwa mtani wangu. Huyu alikuwa mpagazi Mnyamwezi, mrefu, mwenye uso wa shehe na roho ya tumbili. Utani kati ya makabila yetu ni wa siku nyingi: anaweza kukutukana, kukunyang'anya chakula, kukufanyia vituko hata msibani, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Alikuja, akasimama juu ya kazi yangu, akavua kofia.

"Mtani," akasema kwa sauti ya chini, "umemtendea vizuri."

Nikadhani anamsema Bwana. Nikamshukuru.

Bwana alipoiona aliigongagonga kwa fimbo, akatoa amri isikunjwe, kwa sababu nta ingevunjika. Na kwa kuwa nguzo zilikuwa ndani, isingekunjika hata kama tungetaka. Haikubebeka kichwani kwa mtu mmoja. Ilibidi ining'inizwe kwenye mti mrefu, watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, mti begani. Mtani wangu akajitolea kuwa wa mbele kabla hajaulizwa. Mtu yule hakuwahi kujitolea kwa lolote tangu nimjue, na hata hilo halikunishtua.

Tukatoka Morogoro alfajiri. Mvua ya rasharasha ilitupata kwenye mteremko wa kwanza, nikatembea kando ya foronya nikiangalia matone yakibingirika. Tulipofika mtoni, mahali pa kupumzikia, Bwana alichukua watu wa darubini akafuata mgongo wa mlima, akasema atatukuta kijijini mchana chini ya kibaraza chake. Tulikuwa tumepanda mwendo wa kutosha ndipo nilipokumbuka mfuko wa mambo, zile pini za kukaza kamba za hema. Nilikuwa nimeuacha mtoni, juu ya jiwe. Bila mambo hakuna hema, na bila hema kuna kiboko. Nikawaambia wenzangu watangulie, nikarudi mbio.

Yaliyotokea nyuma yangu nimesimuliwa na watu wengi, na kila mmoja anaongeza chumvi yake, kwa hiyo nasema yale tu ambayo wote wanakubaliana. Kwenye kona ya kwanza walikutana na wazee wawili wakishuka na mizigo ya ndizi. Wale wazee waliona nguo nyeupe iliyofungwa sehemu tatu ikining'inia kwenye mti, wakasikia harufu ya kafuri, wakatua ndizi zao kando ya njia. Kubeba maiti ni thawabu, na hakuna mtu anayepishana na jeneza bila kuingiza bega japo hatua chache. Wakaomba wapokee. Mtani wangu akainamisha kichwa, akawapa.

Tangu hapo hakubeba tena. Kila aliyekutana nao aligeuza safari, na kila aliyekuwa shambani aliacha jembe akashuka njiani. Mlima ule una mahali ambapo mpagazi hutembea kwa mikono na magoti, na kibaraza cha Mdachi kilipanda hapo bila kugusa majani, kikipokezanwa bega kwa bega, watu wakitamka shahada taratibu, mtani wangu akifuata nyuma mikono mitupu, akijifuta jasho ambalo hakuwa nalo, na wapagazi wenzake wakiuma midomo wasicheke.

Walipomuuliza ni nani aliyefariki, akashusha pumzi kwanza. Kisha akasema ni yule kijana wa hema, yule aliyekuwa akileta chumvi kwa mama fulani pale juu. Homa ya ghafla. Hana ndugu huku mlimani, labda wampeleke kwa huyo mama.

Mimi nilikuwa nakuja na mfuko wangu begani, nahema, nikijipongeza kwa mbio nilizopiga. Nilipokaribia kijiji nikasikia kilio cha wanawake. Nikaona wanaume wachache wakishuka na majembe na mitaimbo ya kuchimbia. Aliyetangulia nilimfahamu, tuliwahi kula pamoja. Nikamwamkia, nikamuuliza, "Kuna msiba kwa nani?" Alinitazama, akatazama jembe lake, akalitupa, akaingia kwenye mahindi. Wenzake wakamfuata bila kuuliza. Nikabaki njiani peke yangu na salamu yangu.

Nikasogea mpaka nyuma ya migomba ya yule mama. Uani palijaa watu. Katikati, juu ya mkeka mzuri, ilikuwa imelazwa foronya yangu. Na aliyeketi pembeni yake, miguu ameinyoosha, mikono kichwani, nguo ya kichwa imeanguka mabegani, alikuwa mama mwenyewe.

Kwetu mtu anayelia msibani hutaja amempoteza nani kwake: mtoto wangu, shemeji yangu, jirani yangu. Husikii jina, unasikia undugu. Nikatega sikio nisikie mimi ni nani. Nilitegemea jirani. Nilitegemea mgeni.

"Mkwe wangu," alikuwa akilia. "Mkwe wangu mimi, jamani. Umekuja na chumvi jua na mvua, na mimi nakufungia mlango. Mkwe wangu mpole. Nilikuwa nakungoja uchoke, nikuone kama utachoka. Hukuchoka, umekufa."

Aliweka mkono juu ya nguo, pale ambapo pangekuwa kifua changu.

Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kusimama nyuma ya mgomba akajisikia analiliwa. Nilipaswa kutoka palepale. Sikuweza. Machozi yalinitoka, nikajililia na mimi, kwa moyo wote, kwa sababu lilikuwa jambo la kusikitisha sana kijana mzuri kama yule kufa kabla hajajua kwamba anapendwa. Nilipoinua mkono nijifute, mfuko wa mambo ukaniponyoka, na vyuma vyote vikamwagika juu ya jiwe.

Watu wote wakageuka. Mtani wangu, aliyekuwa ameketi mahali pa heshima na bakuli la uji, akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Mtani," akasema, "unachelewa hata msibani kwako?"

Kilichofuata kilikuwa vurugu. Wengine walikimbia, wengine walinishika mikono waone kama ina moto, na mzee mmoja alifungua vitambaa vya foronya akakuta turubai, akakaa chini akacheka mpaka akalazimika kupigwa mgongo. Kumkasirikia mtani haikuwezekana, utani ni utani, ila wanawake walimkimbiza kuzunguka nyumba kwa mabua, kisha wakamhukumu kuteka maji ya kijiji kizima mpaka tuondoke. Aliyateka huku akiimba.

Mama hakucheka. Alisimama taratibu, akajifunga nguo yake, akanikabili. Alinitazama usoni, kavu, wima, kama siku zote, ila macho yalikuwa mekundu. Alinitazama kwa muda mrefu. Halafu akaingia ndani akafunga mlango.

Nilijua aibu ni kitu gani. Nimemliza mama wa watu mbele ya kijiji kizima, kwa turubai. Aliyokuwa ameyasema yalimtoka kwa maiti, na maiti hakuwapo tena. Alikuwapo mtu wa hema, yuleyule, asiye na nyumba, na sasa na kosa juu yake.

Bwana aliteremka mgongo wa mlima akatukuta tumesimama. "Watu wote hawa wanataka nini?" akauliza.

"Wamekuja kuona nguo ya kibaraza, Bwana," nikamjibu, na sikuwa nimedanganya.

Akakivua kibaraza foronya mwenyewe kama alivyoahidi. Akapitisha kiganja kila pembe. Kilikuwa kikavu kama unga. Akanusa, akaniuliza ni dawa gani, nikamwambia kafuri. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaagiza chai. Siku nyingine ningeruka kwa furaha. Siku hiyo nilizigongea mambo ardhini moja baada ya moja na sikuhisi lolote.

Kabla jua halijazama, binti alipita karibu na kambi na mtungi wake. Akasimama upande wa pili wa ua wa matete, kana kwamba anaurekebisha mtungi.

"Mama amejifungia," alisema. "Hajala. Hajasema neno."

"Na wewe? Ulilia?"

"Nilie nini? Nilipofika tu niliona uzi mwekundu. Sanda haipitishwi sindano, inakatwa tu na kufungwa. Na mshono wenyewe ulikuwa umepinda kama wa kwenye vifuko vya chumvi."

Nikamtazama kati ya matete. "Ulijua, ukanyamaza?"

"Mama alikuwa ameshaanza kusema," akajibu. "Nikataka amalize." Akaondoka na mtungi wake.

Nililala vibaya. Asubuhi Bwana alitaka maji ya kunyolea, na mtani wangu, kwa kuwa alikuwa na kifungo cha maji ya kijiji, alikataa kuongeza ya Mdachi. Nikachukua ndoo nikashuka kijitoni mwenyewe. Njia ile ni nyembamba, magimbi huku na huku, majani yake makubwa yamejaa umande. Nilikuwa narudi, ndoo imejaa, nilipomwona mama anashuka na jembe begani. Peke yake. Hapakuwa na pa kupita.

Nikatua ndoo. Nilikuwa nimeandaa maneno usiku kucha, ya kuomba radhi, na mazuri. Nikainamisha kichwa nikaanza, "Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Nikainua macho, nikitegemea kuyakuta yale macho yake.

Alikuwa ameshavuta nguo usoni. Alinigeuzia mgongo, akashusha jembe, akaingia kwenye magimbi yenye maji mpaka magotini, akasimama humo akiangalia upande wa mlimani, akinisubiri nipite.